Uzito wa Mbele

Jirani akijaza petroli kwenye jenereta, ile harufu inanirudisha kijijini kwetu Pande, siku baba alipofunga mashine kwenye mashua yetu ya tanga. Mashine aliifunga kamba kwanza, isije ikachopoka ikazama, ndipo akakaza skrubu. Nyuma pakadidimia, mbele pakanyanyuka.

"Mwanangu, njoo ukae huku mbele," akaniita.

"Mtoto wa kike baharini?" mama akauliza.

"Nataka uzito wake tu."

Nikakaa, ubao wa moto ukinichoma mapajani, na mashua ikalala sawa. Likizo nzima nilikwenda naye, chumvi ikinikaukia midomoni.

Shule ilipofunguliwa, akajaza mchanga kwenye kiroba, akakiweka mahali pangu. Likizo iliyofuata niliwahi ufukweni. Kiroba kilikuwa palepale. Baba akaitikia shikamoo yangu, akawasha mashine, akaondoka.