Meno Sita ya Kwenda Uingereza

Kwa miaka minne mizima niliamini, tena niliamini kwa kifua, kwamba mtu asiye na meno sita ya mbele ya chini haruhusiwi kuingia Uingereza. Ukishuka kwenye ndege, nilijua, mnapangwa mstari, na ofisa mwenye glavu nyeupe anakukabidhi tufaha zima, halijakatwa. Unaling'ata mbele yake. Ukiacha alama ya meno ya juu na ya chini, karibu. Ukiacha alama ya juu peke yake, unarudishwa na ndege ileile, kwenye kiti kilekile, hata hakijapoa.

Habari hiyo sikuiokota barabarani. Niliipata kwa kinyozi mjini Migori, kutoka kwa bwana mmoja aliyekuwa ameenda Ulaya kweli, akarudi baada ya siku tatu. Tulikuwa tumemchinjia mbuzi wa kumuaga, na nyama ilikuwa bado imekwama kwenye meno yetu alipotokea na sanduku lake. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Alifungua mdomo mwenyewe, akatuonyesha pengo la chini, lile walilo nalo Wajaluo wote wa rika lake, maana enzi zao meno hayo sita yalitolewa utotoni ndipo mtu ahesabiwe mtu.

"Ni hili," akasema. "Lile tunda nililamba tu. Wakanicheka."

Hakusema barua yake ya mwaliko iliandikwa na nani. Na mimi, ambaye kuuliza ndiyo ilikuwa kazi yangu, sikuuliza.

Nilikuwa mhitimu wa masomo ya jioni. Nilikaa kwenye dawati la watoto wa darasa la pili miaka mitatu, pamoja na wachuuzi na walinzi, mpaka magoti yangu yakabadilika umbo. Mwalimu wetu alipostaafu aliniachia atlasi yake, na tangu siku hiyo hapakuwa na mtu kutoka ziwani hadi mpakani aliyeijua dunia kunishinda. Nikaweka meza barazani kwa mpiga picha wa pasipoti, nikaandika kibao: Ushauri wa Safari za Ng'ambo, Mtu Mmoja Mmoja. Watu walikuja kujaziwa fomu, wakabaki kwa mazungumzo. Kila mmoja nilimuuliza maswali matatu. Unaenda kwa nani? Utabeba nini? Ukirudi, unataka uwe umeona nini?

Mchimba dhahabu mmoja wa Osiri alinijibu anataka kuona shingo inayovaa jasho lake. Mkulima wa tumbaku kutoka Kehancha alitaka kumwona Mzungu mmoja tu akivuta jani la shamba lake, amsalimie, arudi nyumbani. Tulifungua atlasi tukasafiri kwa kidole, na wengi safari yao iliishia hapohapo. Waliondoka wameridhika.

Mimi ndiye sikuwa naridhika. Nchi ya kigeni nilikuwa nimefika mara moja tu: nilivuka pale Isebania, nikatembea hatua arobaini ndani ya Tanzania, nikanywa soda, nikarudi, na wiki nzima nikawa nazungumza kama mtu wa Dar es Salaam. Ndege ikipita juu, kalamu yangu ilisimama katikati ya neno. Bahasha zenye stempu za mbali nilikuwa nazinusa kwanza kabla ya kumsomea mwenyewe. Nina hakika niliwahi kunusa theluji.

Kila Alhamisi niliipeleka meza yangu Homa Bay, kwa sababu huko barua za ng'ambo zilikuwa nyingi kuliko Migori. Alhamisi moja ya Januari, mwanzoni mwa miaka ya tisini, alinijia mama mzee, mjane, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, wa vijiji vya ufukweni. Sokoni wote walimwita Dani, yaani nyanya, nami nikamwita hivyohivyo.

"Wewe ndiye mwalimu wa ndege?"

"Ndiye mimi, Dani. Kaa."

"Nitakaa nikijua unaweza kusoma mwandiko mbaya."

Akatoa bahasha ndani ya leso, na leso ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki. Barua ilikuwa ya dada yake mdogo. Miaka thelathini nyuma, huyo dada alifuatana na familia ya daktari wa misheni kwenda kuwalelea watoto Uingereza. Akabaki, akaolewa, akafiwa na mume, akazeeka huko. Hawakuwa wameonana tangu siku ile. Herufi zilikuwa kubwa kama vikombe, na mistari ilipandana kama mbuzi wanaoingia zizini.

Nikamsomea. Macho yangu yanakufa, aliandika. Daktari anasema mwaka huu hautaisha nikiwa naona. Nimeweka tikiti, inakaa mwaka mzima. Njoo nikuone, dada. Usiniletee sauti peke yake.

"Soma tena hapo kwenye macho," Dani akasema.

Nilisoma mara tatu. Kisha nikachukua daftari langu, nikamuuliza maswali yangu. Anaenda kwa dada yake, atabeba omena. La tatu akalikataa.

"Mimi sina kitu nataka kuona huko. Nataka nionwe."

Daftari langu halikuwa na mahali pa jibu kama hilo. Nilipoinua macho alikuwa akitabasamu, mara yake ya kwanza tangu akae, na hapo nikaliona pengo. Meno sita, hayapo.

Nikamweleza habari ya tufaha, taratibu, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na dada yangu aliingiaje? Sisi tulitolewa siku moja, tumekalishwa kwenye jiwe moja. Mimi nililia. Yeye ndiye mdogo na hakulia, akaniambia namwaibisha."

"Alienda kwa meli, Dani. Melini hakuna matunda."

Jibu hilo lilinitoka kwa kasi hata mimi mwenyewe nikalikubali. Akaniangalia kidogo. Nafikiri ile atlasi ndiyo iliyomshinda. Ilikuwa imefunguliwa mbele yake, ina rangi nyingi, na mimi nimeweka kiganja juu ya Uingereza nzima.

"Basi," akasema, "nitafutiwe meno."

Pasipoti yake ilitoka mwezi wa Machi bila shida yoyote. Meno ndiyo yalitushinda. Pale Homa Bay palikuwa na fundi wa meno, mtu mwenye maneno matamu, aliyempima kwa nta na kumwambia arudi baada ya wiki mbili. Wiki mbili zikawa sita. Seti ya kwanza ilipokuja ingemfaa kiboko. Ya pili ilikaa vizuri mradi tu asizungumze.

Mimi kama mshauri sikuweza kumwachia aende bila mazoezi. Matufaha hatukuwa nayo, kwa hiyo nilimnunulia mapera mabichi, yale magumu ambayo ukimrushia ng'ombe anaanguka. Kila Alhamisi Dani alisimama mbele ya meza yangu, akanyoosha mgongo, akanitazama kama mimi ndiye ofisa, akang'ata. Siku ya kwanza alirudisha mkono chini na meno yakabaki kwenye pera.

Wauza omena wenzake walikuwa wanangoja hilo tu.

"Dani, sasa pera ndilo linakwenda Uingereza."

"Mpe tikiti yake. Lina meno kuliko wewe."

Alicheka nao, akayachomoa, akayapangusa na leso, akaniuliza kama wiki ijayo tutajaribu na yale yaliyoiva kidogo. Nilimwambia sheria ni sheria.

Mwezi wa Mei dada aliandika tena, mistari minne tu. Bado naona dirisha, lakini sioni kilicho nje. Nilimsomea Dani, naye akaingia kwa fundi moja kwa moja, akakaa kwenye benchi mpaka jioni. Mwezi wa Julai barua iliandikwa kwa mkono wa mtu mwingine, jirani, kwa Kiingereza safi kilichonyooka. Niliipitia kimya kwanza. Kisha nikamtafsiria: anasema usihangaike, njoo tu, wakati wowote ni sawa sasa.

"Sasa," Dani akarudia.

Aliikunja ile barua akairudisha ndani ya leso, na leso ndani ya mfuko. Siku hiyo hakung'ata pera, wala mimi sikumkumbusha.

Meno yaliyomfaa yalipatikana Agosti, na Septemba akasafiri. Nilimsindikiza hadi kwenye basi la Nairobi. Alikuwa ameyavaa, mdomo umefungwa kama mlango wa duka Jumapili, akanipungia bila kusema neno ili asiyaharibu. Basi lilipoondoka nilibaki nimesimama mahali pale muda mrefu, nikamfuata kwa kidole kichwani: Nairobi, jangwa la rangi ya manjano, bahari ya buluu, kile kisiwa cha rangi ya waridi. Miezi mitatu kila nilipofungua atlasi ilijifungua yenyewe ukurasa ule. Nilikuwa nimewatuma watu kadhaa ng'ambo kufikia hapo, lakini huyu ndiye niliyemwonea wivu, na sikujua kwa nini. Labda kwa sababu mimi, hata ningefika, hapakuwa na mtu wa kuniona.

Alirudi kabla ya Krismasi. Alinijia Alhamisi, amevaa koti zito la sufu katika joto lote lile la Homa Bay, akaketi, akaweka juu ya atlasi vitu viwili: tufaha moja jekundu lililoanza kunyauka, na leso iliyofungwa fundo. Nilijua kilichomo kwenye leso kwa sababu alipotabasamu pengo lilikuwa mahali pake.

"Habari za huko, Dani?"

"Kuna baridi. Dada anakusalimu."

Alilisogeza lile koti mabegani.

"Nilifika amekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Akaniita jina, nikaitika. Akanishika uso, kote, masikio, paji. Akapitisha kidole mdomoni, akakuta meno. Akauondoa mkono wake. Akamwambia yule jirani, huyu siye, mmeniletea mtu mwingine."

"Na sauti yako?"

"Sauti gani, na yale madude mdomoni? Nilikuwa nazungumza kama mtu aliyebugia uji wa moto. Nikayatoa, nikayatia mfukoni. Nikaurudisha mkono wake mdomoni mwangu. Akatia kidole tena, hapa." Akaonyesha. "Akapima, moja, mbili, mpaka sita. Ndipo akalia. Siku ile ya jiwe hakulia, lakini huko alilia mpaka nikamwambia ananiaibisha."

Alicheka. Nami nikataka kucheka, kwa kuwa kicheko ndicho kitu ambacho hakijawahi kunipungukia, lakini hakikuja. Nilikuwa nalitazama lile tufaha. Lilikuwa la kwanza maishani mwangu, na nilikuwa nimelizungumzia miaka minne kama mtu aliyelilima. Nikatafuta la kusema, nikapata swali la kazi.

"Na ofisa, Dani? Uliling'ata vizuri?"

"Hilo nimelinunua dukani, nikakuletea, kwa sababu nilijua hujawahi kuliona." Alilisukuma kuelekea kwangu. "Hakuna mtu anayepewa tunda, mwanangu. Yule ofisa hata hakuniambia nifungue mdomo. Aliniuliza naenda kwa nani, nikamwonyesha barua, akagonga muhuri. Hawaangalii meno. Januari ningepita vilevile."