Bi Mwanaasha na Upepo wa Genge

Pugu nzima ilimjua Bi Mwanaasha kwa kupepeta mpunga, na kwa ukali. Miaka ishirini alipepetea juu ya kilima, upande unaoelekea bahari, na ole wake aliyemshauri ahamie kwingine.

Mwaka 1956 wapima ardhi walileta helikopta kwenye kiwanja cha juu. Mkwewe Shomari, mume wa bintiye wa pekee, ndiye aliyechaguliwa kupanda na rubani Mzungu, washuke nayo chini ya genge, pale kilima kinapokatika ghafla kama ukuta upande wa nyuma, wakapime mipaka. Watu walishangilia. Bi Mwanaasha alinuna, maana genge lile alilijua.

Tatizo ni kwamba kwao mama mkwe hasemi na mkwewe uso kwa uso. Siku nyingine angemtuma binti, lakini binti alikuwa Kiwalani na ujauzito wa miezi minane. Basi akaja mwenyewe kiwanjani, akawapa watu mgongo, akausemesha ungo wake.

"Ungo wangu, mwambie huyo mume wa mtu asishukie kule! Upepo ukishavuka kilima unaporomoka. Mie nilipepetea kule siku moja tu, pumba zote zikanirudia usoni."

Shomari naye akaujibu ungo, kwa adabu: "Ungo, mwambie mama nimesikia." Akamtafsiria rubani. Rubani alicheka mpaka machozi, na sisi tukamsaidia kucheka.

Bi Mwanaasha hakubishana. Alimwita rubani kwa mkono mpaka ukingoni mwa genge, akamwaga pumba zilizokuwa ungoni. Zilivuka ukingo, zikazama ghafla kama zimevutwa kwa kamba, kisha nyingine zikageuka, zikapanda na ukuta wa genge na kumjaa rubani machoni. Alipomaliza kujifuta hakucheka tena. Akasema watatua upande wa bahari, ambako upepo unapanda, na kule chini watakwenda kwa miguu.

Walipoondoka, mama wa watu alisimama juani saa mbili nzima. Helikopta iliporudi na kugusa ardhi salama, furaha ilimpanda kichwani. Akarukaruka vumbini akipiga kelele ndani ya ngurumo ile, akijua hakuna amsikiaye. Rubani akazima mashine. Ngurumo ikakatika, sauti yake ikabaki peke yake kiwanja kizima:

"Shomari mwanangu, umerudi!"

Wanawake wakashika vinywa. Bi Mwanaasha akajifunika kanga usoni kwa haya. Shomari akashuka, akapiga magoti mbele yake, anacheka huku analia.

"Nimerudi, mama. Shikamoo."