Jina Lililobaki Kwenye Karatasi

Mama Pasi alikuwa dobi, na jina hilo alipewa na wateja. Alifanyia kazi katika chumba kimoja kilichotazama barabara: upande huu makarai, upande ule meza iliyotandikwa blanketi lililoungua pembeni, na juu kamba za mashati ya watu wa ofisini. Siasa hakuwa nazo. Maji ndiyo yaliyomponza.

Mabomba ya mtaa yalipokauka, alikwenda kwa mbunge mara nyingi hata mlinzi wa getini akamzoea kama shangazi yake. Mbunge mwenyewe hakumwona. Chama kikuu cha upinzani nacho kilimwambia asubiri, wakishinda wao atafurahi. Kilibaki chama cha tatu, kidogo mno, ambacho watu walikitania kwamba wanachama wake wote wanaenea kwenye benchi moja. Siku moja katibu wa chama hicho alikuja kuchukua shati lake, akamkuta analalamika, akamwuliza kwa nini asigombee mwenyewe.

Mumewe, seremala asiyependa maneno mengi, alisema siasa ni mkaa: ukiwaka unaunguza, ukizimika unachafua. Kisha akaenda kumpigilia jukwaa la mbao.

Wifi yake ndiye aliyemtembeza nyumba kwa nyumba. Mwanzoni watu walicheka. Lakini Mama Pasi alizungumza bila kupayuka, akawaambia hajui mambo mengi, ila kazi ya mtu akipewa huirudisha safi. Kicheko kikapungua. Wagombea wa vyama vikubwa wakaanza kumpiga vijembe mikutanoni, naye akaona kumbe ameanza kuwauma. Akaanza kuamini.

Siku chache kabla ya kura, mchana, alikuwa akinyoosha suruali ya mteja huku wifi akikunja mashuka. Redio ikaleta sauti ya mwenyekiti wa chama chao. Alikuwa mchangamfu kama baba anayetangaza posa ya bintiye. Chama kimeungana na chama kikuu cha upinzani, alisema. Wanachama wake kila jimbo wawapigie kura wagombea wa upinzani.

"Kila jimbo?" aliuliza Mama Pasi.

"Ndivyo alivyosema, wifi."

Wote wawili walisikia harufu ya suruali ikiungua.

Alimpigia katibu simu mpaka ikapokelewa. Katibu akaapa kwamba hata yeye habari ameipata redioni. Mama Pasi akaomba basi jina lake liondolewe.

"Karatasi za kura zimeshachapishwa, mama. Jina lako litabaki."

"Nitabaki kama nani?"

"Kama jina tu," akasema katibu.

Jioni hiyo watu walikuja mlangoni kumwuliza wafanyeje. Akisema wamchague, amekisaliti chama. Akisema wamchague yule wa upinzani, maneno yote aliyowaambia vibarazani mwao yanakuwa uongo. Aliwajibu wafanye wanavyoona, akawaona wakiondoka wamenywea kuliko walivyokuja. Wifi alibaki nyuma.

"Mimi nitafuata chama kilivyosema," alisema bila kumtazama. "Usinichukie."

"Sikuchukii. Hata mimi ningejua la kufuata, ningelifuata."

Siku ya kura alipanga foleni kama wengine. Kwenye karatasi alijiona akitabasamu ndani ya koti la kuazima. Alijiwekea alama mwenyewe, kwa sababu sura nyingine zote pale zilikuwa zimeshamfukuza.

Mbunge alirudi bungeni kwa tofauti ndogo sana. Kura za Mama Pasi, chache zilivyokuwa, zilizidi tofauti hiyo, na kabla jua halijazama kila mtu mtaani alikuwa ameshapiga hesabu. Wakasema alinunuliwa. Pengine yangepoa, lakini mbunge, akishukuru wapiga kura, alimshukuru pia "dada yetu dobi", akacheka. Hapo ndipo alipozikwa.

Hakuna aliyemtukana. Wateja walikuja mmoja mmoja kuchukua nguo zao, wengine zikiwa bado na povu, wakaaga kwa heshima. Alitamani mtu amfokee ili apate pa kuanzia kujieleza. Mumewe akawa anakaa naye chumbani mchana, hana la kufanya, anasogeza makarai yasiyohitaji kusogezwa.

"Ungefanya nini wewe?" alimwuliza siku moja.

"Sijui," alisema seremala. "Nimelifikiria sana, mke wangu. Sijui."

Mwishowe alipata kazi ya kufua katika nyumba ya wageni upande wa pili wa mji, ambako hakuna anayemjua. Wifi huja kumtembelea. Huzungumza habari za watoto.

Majuzi, sokoni, mama mmoja wa mtaa wa zamani alimshika mkono, akamsogezea uso kama anayetoa pole ya msiba.

"Mimi kura yangu nilikupigia wewe," alimnong'oneza. "Nisamehe."

Mama Pasi hakujua asamehe nini. Alisema haidhuru, akaendelea kuchagua vitunguu.