Mhariri, Kumbaro na Shamba la Tatu

Polyxeni Karathanou wa Kalamata alikuwa mhariri wa jarida la kitaaluma liitwalo *Mzeituni*, jarida ambalo mama mkwe wake alizoea kusema halifai hata kufungia samaki, kwa kuwa karatasi yake ni ngumu mno. Wasomaji wake walikuwa mabwana shamba, walimu wa vyuo na wakulima wachache wenye subira. Na wengi wao walipolipokea walianza kwa kutafuta majina yao wenyewe. Hayo Polyxeni aliyajua, wala hayakumpunguzia chembe ya heshima aliyokuwa nayo kwa kazi yake. Makala ya mtu ilipofika mezani pake aliipokea kama amana. Aliliondoa jina la mwandishi, akaipeleka kwa wahakiki wawili wasiojuana, na majina ya wahakiki akayafungia moyoni, asimwambie mtu, hata kasisi wake.

Alikuwa mjane wa makamo, mwenye sauti ya chini na mwendo wa haraka. Jumapili alisimama kanisani, na Jumatatu alikaa mbele ya kamati ya uhariri kwa unyofu ule ule. Hakuwa na dini mbili, moja ya ibada na nyingine ya kazi.

Katika kanuni za jarida palikuwa na sharti kwamba mhariri asiiguse makala ya mzazi, mwana, ndugu wala mwenzi wake. Siku moja alipendekeza liongezwe neno "kumbaro", yaani msimamizi wa arusi au wa ubatizo. Kamati nzima ikaangua kicheko.

"Kumbaro, Bibi Polyxeni?" alisema naibu wake, Leandros Vryonis, huku akifuta machozi. "Katika mji huu nani si kumbaro wa nani? Atabaki nani wa kuhariri, paka?"

"Atahariri paka," akajibu, "mradi mwandishi hakumbatizia watoto."

Walicheka tena, lakini neno likapita.

Yeye kumbaro wake alikuwa Aristomenis Petroulakos, mwalimu wa chuo. Ndiye aliyewabadilishia mataji ya arusi vichwani yeye na mumewe siku ya ndoa, ndiye aliyempakata binti yao alipotolewa katika kisima cha ubatizo. Na mume alipofariki, ndiye aliyeingiza bega la kwanza chini ya jeneza. Tangu siku hiyo alikuja kila Jumamosi kumjulia hali mama mkwe, Bibi Tasoula. Katika nyumba ile hakubisha hodi. Udugu wa namna hiyo hauna damu, lakini ukikatika hutoka damu.

Siku moja ya masika, Aristomenis alikuja na bahasha, akaiweka kati ya vikombe vya kahawa, akamwita Polyxeni kwa jina la kumbaro wa kike.

"Kumbara, safari hii mtoto ni wangu. Mbatize wewe."

Ilikuwa makala juu ya nzi wa zeituni. Aliipaka miti udongo mweupe katika mashamba matatu, na kwa mujibu wake nzi walipungua kotekote. Cheo cha profesa kamili kilikuwa kinaingoja makala hiyo.

"Huyu atabatizwa na Leandros," alisema Polyxeni, bila kuifungua. "Mimi siruhusiwi kumgusa. Umeisahau kanuni?"

"Kanuni uliyoiandika wewe mwenyewe!"

"Basi nitakuwa wa kwanza kuivunja?"

Aristomenis alicheka, akanywa kahawa yake mpaka kwenye mashapo. Polyxeni akampelekea Leandros bahasha ikiwa imefungwa vilevile.

Majira ya joto yalipokolea, Aristomenis aliingia bila kuvua kofia.

"Hao wahakiki wa Leandros wana wazimu. Wanasema idadi ya nzi wa shamba langu la tatu inapanda na kushuka sawasawa na ya shamba la pili, wiki kwa wiki. Wanataka karatasi za hesabu za awali. Nipe majina yao."

"Siyajui. Aliyewachagua ni Leandros. Na ningeyajua nisingekupa."

"Basi mwambie Leandros aipitishe. Yule anakuogopa wewe kuliko anavyomwogopa mkewe."

"Ndiyo sababu nisimwambie neno, kumbaro. Nikikohoa tu, atadhani ni amri."

Aristomenis akavua kofia. Kisha akasema polepole, "Polyxeni, nilimpakata binti yako kutoka majini."

Neno hilo lilimwingia kama baridi ya asubuhi. Alimtazama mtu aliyembeba mumewe mpaka kaburini, na kwa kitambo hakuwa na hakika kama ana haki ya kumnyima chochote.

"Ulimpakata, na Mungu akulipe," alisema mwishowe. "Deni hilo nitadaiwa nawe mpaka nife. Lakini jarida si mali yangu nikulipe kwalo. Kama umehesabu, waonyeshe karatasi. Ni hilo tu."

Aristomenis akaondoka. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile ya baada yake.

"Umemuuza kumbaro kwa gazeti la nzi!" alilalama Bibi Tasoula, akipukuta makombo ya meza kana kwamba nayo yamemkosea. "Mwanangu angekuwa hai angesema nini?"

"Angesema kahawa imechelewa, mama."

"Cheka tu, cheka. Siku ya somo wako tutaona nani ataingia mlango huu."

Hapo ndipo palipomuuma Polyxeni. Siku ya mtakatifu somo wa mtu, huko kwao, haina mialiko. Mlango huachwa wazi, na anayekupenda huja. Asiyekuja naye amesema lake, na mji mzima hulisikia.

Mwishoni mwa Septemba siku hiyo ikawadia. Alikwenda kanisani na mikate mitano, ikabarikiwa, akarudi kuandaa visahani vya matunda yaliyopikwa kwa sukari. Majirani wakaja. Wanakamati wakaja. Leandros akaja mapema, akakaa pembeni, akajaza kinywa biskuti za sukari ya unga ili asiulizwe kitu. Kila kivuli kilipopita mlangoni, Bibi Tasoula aligeuza shingo, kisha akamtazama mkwewe kwa jicho la "unaona?"

Mchana ulikuwa umepinda pale Aristomenis Petroulakos aliposimama kizingitini, amekumbatia boksi la keki, na kwa mara ya kwanza katika umri wake akabisha hodi.

Bibi Tasoula akaweka kikombe chini.

"Miaka mingi, kumbara," alitoa salamu ya siku hiyo. Sauti ilikuwa kavu, lakini hakuipunguza. "Nina neno, na afadhali walisikie wote, maana wote wamekwisha kulisema nyuma yangu. Shamba la tatu sikulihesabu. Goti liliniuma, na barabara ya kwenda huko Aspropetra ni mawe matupu. Nikajiambia udongo ni ule ule, nzi ni wale wale. Nikaandika. Leo asubuhi nimemwandikia Leandros kwamba naiondoa makala."

Macho yakamgeukia Leandros.

"Ni kweli," alisema, na unga wa sukari ukamtoka kinywani kama moshi. "Nilidhani nimesoma vibaya."

Hakuna aliyejua acheke au anyamaze. Bibi Tasoula ndiye aliyeinuka, akamkagua mgeni toka kofia mpaka viatu.

"Hiyo keki ni ya kula au ya kushikilia?"

"Ya kula, mama."

"Basi ilete, ukae. Jumamosi zote hizi nimenyweshwa kahawa na huyu, haijui kahawa."

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Polyxeni hakucheka, macho yalimjaa, na moyoni alimshukuru Mungu kwa kumwachia vyote viwili alivyodhani hawezi kuviweka pamoja. Kisha akamvutia kumbaro kiti karibu naye.

"Nzi wa mwaka huu bado wako mitini," alimnong'oneza. "Vuli ndiyo kwanza inaanza."

Aristomenis alikwenda Aspropetra kila wiki, kwa fimbo na kwa goti lile lile, mpaka mavuno. Na mwaka uliofuata akaenda tena. Cheo chake kikaahirishwa, naye akavumilia. Makala mpya ilipofika, Polyxeni hakuigusa hiyo pia. Leandros aliipeleka kwa wahakiki, akawasumbua kwa maswali ambayo zamani asingethubutu kuyauliza, na ikachapishwa katika *Mzeituni*. Katika mashamba mawili udongo ulisaidia. Katika la tatu, lililo juu ya bahari, haukusaidia hata kidogo, kwa kuwa upepo wa chumvi na mvua viliuosha kabla nzi hawajafika.

Wakati huo wakulima wa Aspropetra walikuwa wamekaribia kununua udongo ule kwa fedha ya ushirika wao. Wakamwita mwandishi aje aseme mbele yao. Polyxeni alifuatana naye, akakaa mstari wa nyuma.

"Hapa kwenu msinunue," alisema Aristomenis. "Nimehesabu miaka miwili. Hapa haufai."

"Sasa tufanye nini, mwalimu?" mtu mmoja akapaza sauti.

"Sijui."

Wakulima wakageukiana.

"Sijui bado," alisema. "Nitakuja tena kuhesabu. Mtengeneze barabara tu, jamani, goti langu litaniua."

Wakapiga makofi huku wakicheka, wazee na vijana, wengine wakigonga meza kwa viganja. Mstari wa nyuma Polyxeni alikuwa amesimama, akipiga makofi kuliko wote.