Msichana wa Bati Mwenye Beseni

Papa, baba yangu, alikuwa amesahau majina yetu sote, sahani yake, hata njia ya kwenda chooni. Lakini ukimpa kidude cha reli ya kuchezea, alikigeuza chini juu, akakipitishia kidole, akakuambia kilitoka wapi. Nilivionea wivu vile vidude, nasema kweli.

Vilikaa ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda chake, kwetu Lubunga, ng'ambo ya mto. Zamani, kabla sijazaliwa, papa alikuwa fundi kijana kwenye karakana ya reli, na injinia mmoja mgeni alizoea kumpa treni ya kuchezea ya watoto wake aitengeneze. Siku moja injinia aliondoka mbio. Alibeba treni, akaacha vilivyobaki: ishara za kupandisha na kushusha mkono, taa, kizuizi cha barabara, abiria wadogo wa madini ya risasi wenye kofia na mizigo. Stesheni nzima bila treni. Sisi watu wa Lubunga, ambao stesheni yetu hungoja treni miezi na miezi, hilo halitushangazi.

Vilivyopotea au kuvunjika papa alivitengeneza upya kwa makopo ya maziwa. Kwa hiyo kila asubuhi baada ya chai ilikuwa kazi ya kutenganisha. "Hii iko ya fabrike," alisema, akinionyesha alama ya kiwanda iliyogandamizwa chini na rangi ya zamani iliyopasukapasuka. "Bon, hii njo yangu. Angalia ndani, herufi za kopo ziko bado."

Mimi nilikuwa nangoja kimoja tu. Katikati ya wale abiria wa Ulaya kulikuwa na msichana wa bati, gauni jekundu, beseni kichwani. Papa alimfikia mwisho, akamgusa begani pale rangi ilipobanduka. "Huyu hana alama. Nilimutengeneza miye. Iko mutoto yangu, analeta mikate ku atelie." Utotoni ndivyo nilivyompelekea mikate karakanani. Halafu aliinua macho, akaniona, akaniita kwa jina langu. Mara moja kwa siku, na haikuchukua muda akawa ameshanisahau tena. Niliishi kwa ajili ya hapo tu.

Kisha dada yake papa akatuma habari kwamba anapanda mto kutoka Isangi kuja kumwona. Kwetu mgeni hapokelewi na vyombo vyenye weusi. Sufuria inasuguliwa kwa mchanga wa mto, majivu na limau mpaka uone sura yako. Nikasugua sufuria, vifuniko, mabeseni, na mikono ilipopata moto nikalivuta na lile sanduku, nikavitoa vidude. Hakuna aliyenituma. Niliona uchafu wa miaka na miaka, nikaona haya kwamba shangazi atauona. Nilisugua huku naimba, mjinga mimi.

Shangazi alifika, akasifu. "Vitu yote iko nangaa." Papa akachukua ishara, akaigeuza, akapitisha kidole. Akachukua taa. Akachukua abiria mmoja, na mwingine. "Hizi haziko zangu," alisema taratibu. "Nani amechukua zangu?" Nikamwekea msichana mkononi haraka. Bati tupu, jeupe kama kijiko. Alilitazama kwa adabu, akaliweka mezani, na macho yake hayakuinuka.

Siku tisa nilihangaika. Nilivuka kwenda mjini kutafuta rangi nyekundu, nikarudi na rangi ya kucha, ndiyo iliyokaribia. Nikampaka msichana gauni, nikamwanika, nikambandua rangi begani kwa ukucha, palepale. Nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo padri asingeyapenda. Sikuomba papa apone. Niliomba ile mara moja kwa siku.

Asubuhi nikampa. Akamgeuza, akamnusa. Ufundi ulikuwa haujamtoka.

"Hii iko mupya," alisema. "Rudisha kwa mwenye nayo, mama." Mama, vile tunavyomwita mwanamke yeyote aliyepiga hodi.

Nikamuuliza, "Na ile yako, papa, ilikuwa ya nani?"

"Ya mutoto yangu." Akatazama mlangoni. "Anakuja na mikate. Ikala hapa, mama, utamuona."

Nikavuta kiti, nikakaa, tukamngoja.