Nilidanganya Kovu Langu ni la Kidole Tumbo

Kosa ni langu. Si la mkunga, si la shetani, ni langu mimi! Naandika kwa sababu mume wangu anataka kumshtaki mwanamke asiye na hatia, na mimi bado sijafungua mdomo.

Tunaishi Lubunga. Ukitaka hospitali kubwa lazima uvuke mto kwa pirogi, mtumbwi wa injini. Mtoto wangu wa kwanza alitolewa huko kwa upasuaji, na sasa ni mzima, anasoma. Lakini mawifi zangu hawakuniacha! Nikilalamika tu nimechoka, wanacheka: "Weye ulizala lini? Docteur njo alizala!"

Eti daktari ndiye aliyezaa! Nilicheka nao, ila iliniuma sana. Basi mimba ya pili ilipoingia nikajiapiza: huyu nitamsukuma mwenyewe. Nikaanza kujinyima chakula ili mtoto awe mdogo. Pondu ya majani ya muhogo na lituma ya ndizi za kupondwa nikawa naviangalia tu wengine wakila. Asubuhi natembea mpaka miguu inavimba. Mume wangu, anayefanya biashara ya mtoni hadi Isangi, aliniambia nirudi kwa daktari aliyenipasua. Nikasema ndiyo. Sikwenda!

Nilikwenda kwa mkunga wa mtaani kwetu. Kituo chake ni kidogo lakini safi, na watu wanamsifu. Waliowahi kupasuliwa hawapokei, anawatuma ng'ambo. Nilijua hilo vizuri. Aliponilaza akagusa kovu.

"Mama, hii alama iko ya nini? Balikupasula?"

"Iko ya appendicite."

"Kweli?"

"Kweli, mama."

Nilijibu kwa utulivu kabisa. Mpaka leo najiogopa.

Siku ya kujifungua mtoto alikawia, mkunga akanidunga sindano ya kuongeza uchungu. Angejua kuhusu kovu asingethubutu! Ghafla nikasikia kitu kimeachia ndani ya tumbo, na uchungu wote ukakatika. Nikadhani ni nafuu. Kisha nikamwona mkunga uso umebadilika.

"Chérie, sema kweli! Ile iko appendicite?"

"Balinipasula," nikasema. "Unisamehe, mama."

Hakunigombeza. Aliita wanaume wakanibeba hadi mtoni, akaingia nami kwenye pirogi. Mvua ilikuwa inanyesha, na injini inazimika, inawaka, inazimika tena. Chini yangu maji yalikuwa mekundu. Mama yule alinishika mkono akiomba Mungu kwa Lingala, na mimi nilikuwa nasikiliza tumbo langu. Mtoto hakuwa anacheza tena. Mungu wangu, niliogopa!

Waliniokoa mimi. Mtoto, msichana, alitoka amekwisha kufa. Kizazi nacho, kilichopasuka pale penye kovu, wakakiondoa.

Mume wangu anaamini mkunga alijua nimewahi kupasuliwa, na kwamba ile sindano ndiyo iliyomwua mwanawe. Mkunga amefunga kituo, wapita njia wanamtukana mlangoni pake. Jana mkunga alinijia, mume wangu akiwa sokoni, akakaa, akanitazama kwa huruma. Afadhali angenipiga!

"Mama, miye sitatangaza siri yako," alisema. "Lakini kule mahakamani juge akiniuliza, sitasema uongo."

Nikisikia hatua za mume wangu uani, naficha karatasi hii. Akijua, huenda akanirudisha kwetu Yanonge. Mimi siwezi kumzalia mwingine, atanishikilia kwa lipi? Na nikinyamaza, mama wa watu ataingia gerezani kwa ajili yangu.

Sasa hivi mume wangu yuko nje, anapiga pasi shati la kwendea mahakamani. Nasikia kifuniko cha pasi ya makaa kikigonga. Nikimaliza mstari huu nitatoka nimwambie yote. Naogopa kuliko siku ile ya mto!

Nanyi dada zangu wenye mimba, nawasihi! Kuzaa si mashindano na mawifi. Kuleni. Nendeni kwa anayeuweza mwili wenu jinsi ulivyo, hata kama ni kuvuka mto. Na atakayewashika tumbo akiuliza kovu hili ni la nini, mjibuni kweli, maana yeye anaweza kuwasamehe, lakini mtoto aliyekufa harudi.