Milango Minne ya Behewa la Nachingwea

Sikwenda Nachingwea kutembea. Dada yangu Somoe, aliyehamia huko na mumewe wakati wa mashamba ya karanga, alikuwa akimpeleka mwanawe mgonjwa hospitali ya pwani kwa treni, na treni ilikuwa na mabehewa ya mizigo tu, ya wazi. Masika wakaloa wote wawili, mtoto akazidiwa. Kwetu Wamwera mtoto ni wa mjomba, na mjomba ni mimi. Niliposikia wanatafutwa mafundi wa kujitolea kufufua behewa kuukuu la abiria, nikafunga randa na misumeno yangu.

Jumatatu alfajiri niliondoka Mbekenyera kwa miguu. Ruangwa nikalala kwa rafiki. Kesho yake nikapata lori la mahindi hadi Lionja, vumbi tupu, nikamalizia kwa miguu.

Nachingwea, karakanani, nilipokewa na Fundi Athumani, msimamizi wetu. Mkaguzi anakuja Jumamosi, akasema. Asiporidhika, behewa litapasuliwa kuni.

"Wewe shika milango."

Kwetu mlango mzuri haumpishi nyoka. Nikaranda, nikabana, hata wembe haupiti. Nilijisifu, sikatai.

Ijumaa asubuhi tukajazana ndani, mafundi, wake zao na magunia, tujaribu uzito. Behewa likabonyea katikati. Kutoka sasa! Milango yote minne imegoma. Tukatokea madirishani, akina mama wakinisema bila haya. Nilitamani ardhi inimeze.

"Umejenga nyumba, fundi," akasema Athumani. "Nyumba haitembei. Behewa likibeba watu linapinda. Upe mlango nafasi."

"Kiasi gani?"

"Kidole kidogo."

Kidole! Mbekenyera hiyo ni kazi ya mlevi. Nikaranda kutwa, roho inaniuma.

Jumamosi mkaguzi akajaza watu, akafungua, akafunga, akatikisa kichwa kukubali. Jumatatu Somoe akapanda na mtoto.

Alhamisi treni ilirudi na mvua kubwa. Somoe akashuka, mtoto mgongoni.

"Kaka, milango yako inapitisha upepo! Ufundi umekuishia nini?"

Nilikuwa napapasa nguo za mtoto.

Nikarudi Mbekenyera kwa njia ile ile, vumbi limekuwa tope. Watu wakaniuliza nimefanya kazi gani huko. Nikawaambia nimetengeneza milango minne mibovu, na mpwa wangu amefika mkavu.